Kuvipata Vitabu vya Historia ya Wapenzi wa Jinsia Moja Ukiwa Sagalla

Mtu akaaye Sagalla, akitamani kujua habari za kale za wapenzi wa jinsia moja katika nchi zetu za Mashariki ya Afrika, akiteremka Voi atakuta, kama nilivyokuta mimi, rafu zilizosheheni vitabu vya shule na Biblia; walakini vitabu hivyo vipo, na njia nilizozipitia nazibainisha hapa.

Anza na kile kisichodai senti. Boy-Wives and Female Husbands, mkusanyo wa Stephen Murray na Will Roscoe uliotoka mwaka 1998, ulichapishwa upya na SUNY Press mwaka 2021, ikawa ruhusa kuupakua bure. Nami niliushusha kwa simu mjini, kwa kuwa huku mlimani mtandao una ukaidi wake. Humo mna makala ya Deborah Amory juu ya pwani yetu, na taarifa ya Michael Haberlandt ya mwaka 1899 kuhusu Unguja, ambayo sharti isomwe kwa hadhari, maana imejaa dhana za Wazungu wa zama zile, ingawa yatosha kuwabatilishia hoja wale wadaio kwamba jambo hili limeletwa juzi na televisheni. Usiyapuuze marejeo: humo hutajwa Gill Shepherd, aliyeandika juu ya Mombasa mwaka 1987, na kila jina hukuongoza kwa jingine.

Dukani, taja mwandishi, usitaje mada. Muuzaji mmoja wa Nairobi, nilipomweleza mada, alinijibu, “Hatuna, ndugu yangu,” pasipo kuinua macho. Nilipomtaja Binyavanga Wainaina, alinyoosha mkono akanitolea One Day I Will Write About This Place cha mwaka 2011. Hicho kisome pamoja na ile sura aliyoitangaza Januari 2014, ambamo alijitambulisha waziwazi, na ambayo yapatikana bure mtandaoni.

Kisha tafuta Stories of Our Lives cha kundi la Nest, kilichotoka mwaka 2015, mwaka mmoja baada ya filamu ya jina hilohilo kupigwa marufuku nchini. Kwangu mimi ndicho bora kuliko vyote, kwa sababu wasemao humo ni wenyewe.

Ninachokitafuta hata leo ni Invisible cha Kevin Mwachiro. Aliye na nakala, awe Voi, Wundanyi au Taveta, tafadhali aniandikie. Gharama ya kuituma kwa basi ni juu yangu.