Kabati Zimevimba, Wifi Anakuja

*Mama, shikamoo. Tunaishi Kitengela, nyumba yetu wenyewe, mwaka wa sita huu. Kabati zangu za jikoni ni za MDF, na zilipokuwa mpya zilipendeza. Leo za chini zimevimba kama mandazi, na ukifungua chini ya sinki harufu inakupokea. Wifi yangu alikuja Pasaka akasema mbele ya watu kwamba jikoni kwangu kunanuka. Disemba anarudi, safari hii na mama mkwe. Fundi alinipigia hesabu ya shilingi 340,000: kabati mpya, kaunta ya graniti, na kubomoa ukuta kwa sababu jiko la futi nane kwa kumi eti ni dogo. Nikamtumia 35,000 za kuanzia. Amezima simu. Nimebaki na 95,000 za chama. Mume wangu anasema tukope Sacco tumalize hii aibu. Nifanyeje?*
*Aliyekwama, Kitengela*

Marahaba, mwanangu. Nianze na litakalokuuma: wifi yako alisema kweli. Adabu alikosa, lakini pua yake ilinusa kitu ambacho yako imeshazoea. Jiko lako halijazeeka. Limelowa.

MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa zikagandamizwa kwa gundi. Ikikaa kavu inakutumikia miaka mingi. Ikishakunywa maji huvimba, na hata ukiianika juani mwezi mzima hairudi. Sasa maji yametoka wapi? Sijaingia jikoni kwako, ila nashuku mahali pawili. Maji mengi ya Kitengela ni ya visima virefu, na yana chumvi. Unayajua kwa sabuni inayokataa kutoa povu na ule ukoko mweupe ndani ya birika. Chumvi hiyo hula mfereji taratibu, ukaanza kudondosha tone moja moja usilolisikia. Mahali pa pili ni deki. Kila asubuhi maji machafu yanasukumwa hadi chini ya kabati zilizokalishwa sakafuni, ubao unayafyonza. Yule fundi wako, kwa ulivyoeleza, hakuuliza lolote kuhusu maji. Angekuwekea kabati za laki tatu juu ya tone lile lile.

Leo usiku toa kila kitu chini ya sinki, pangusa mabomba yakauke kabisa, kisha zungushia karatasi ya shashi kwenye kila kiungo. Jaza sinki, achilia maji yote kwa mpigo. Shashi itakayolowa ndiyo inayokuonyesha adui. Mara nyingi dawa yake ni mpira wa kiungo au mfereji mpya, vitu vya kununua hadiwea kwa pesa za mboga za wiki.

Kabati za juu je? Kama hazijavimba usizing'oe. Zioshe, badilisha bawaba, zipige rangi. Za chini zing'oe zote, na mahali pake usirudishe ubao. Hapa nitakushauri kitu ambacho watoto wa siku hizi wanakiona cha kizamani: kaunta ya zege iliyokaa juu ya vikuta vya mawe, ikamalizwa kwa terazo. Wewe unakaa Kajiado, kaunti inayochimbwa marumaru, na chembe za marumaru ndizo zinazochanganywa na saruji kufanya terazo. Saruji yenyewe inatengenezwa Athi River, mwendo mfupi wa matatu kutoka kwako. Terazo inamwagwa, inaachwa ikomae siku kadhaa huku ikinyunyiziwa maji, kisha inasagwa kwa mashine, kwanza kwa jiwe la kukwaruza halafu laini, mpaka chembe zitokeze. Vumbi lake ni balaa, kwa hiyo funika sebule yote na upike kwa jirani. Ikishakauka, ipakwe dawa ya kuziba vitundu. Ndimu na siki zisilale juu yake, kwa maana asidi hula marumaru. Deki nayo piga utakavyo, vikuta havivimbi.

Chini ya kaunta weka pazia kwa sasa. Ndiyo, pazia, kama kwa nyanya yako. Milango itakuja pesa zikija. Na mtungi wa gesi usiufungie humo bila tundu la hewa karibu na sakafu: gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala chini.

Lakini kabla ya zege, kagua kuta. Udongo wenu mweusi hutanuka ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyumba nyingi za huko zinatikisika nao. Ukiona ufa, chora mistari ya penseli kwenye ncha zake, andika tarehe. Ufa ukiupita mstari baada ya wiki chache, mwite mtu wa ujenzi kwanza, maana zege zito halitundikwi kwenye ukuta unaotembea.

Ukuta wa kubomoa usahau kabisa. Mwaka 1926 mbunifu wa majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko la nyumba za wafanyakazi wa Frankfurt lenye mita 1.9 kwa 3.4. Yakajengwa kama 10,000. Piga hesabu, utakuta lako ni kubwa kuliko hayo. Alichokipunguza ni hatua kati ya sinki, meko na kabati.

Mkopo, hapana. Sacco ni jambo jema, kwa ada ya shule au kipande cha shamba. Kukopa ili wifi anyamaze ni kumlipia riba mtu ambaye atapata lingine la kusema. Mwambie mumeo hivyo, ila uchague saa nzuri, akiwa ameshiba. Vifaa nunua mwenyewe, risiti weka. Fundi mpya mlipe kwa kazi iliyokamilika, kwa awamu, na mwandikiane.

Zile 35,000 usiziage bado. Ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, wakili si lazima, na sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60. Mtumie fundi ujumbe mmoja wa heshima wenye tarehe ya mwisho ya kurudisha pesa. Mwenye simu iliyozimwa huiwasha siku moja.

Anza na shashi, basi. Zege lisimwagwe mpaka mabomba yamekaa wiki nzima makavu. Na wifi akifika kazi haijaisha, usimfungie sebuleni. Mpe kisu na vitunguu, akate akiwa amesimama kwenye vumbi pamoja nawe.