Moshi wa Sigara na Walinzi wa Mapafu

Toleo hili ni la wasomaji wetu wa Nchelenge, Kashikishi na visiwa vya Chisenga na Kilwa, pamoja na ndugu walio ng'ambo ya Ziwa Mweru upande wa Kongo. Somo la toleo hili linahusu mpaka usio na kizuizi wala bendera: ule ulio kati ya hewa tuivutayo na damu yetu.

Mpaka huo umo mapafuni. Njia za hewa hugawanyika mara nyingi hata zikaishia katika vifuko vidogo mno, mamia ya mamilioni kwa idadi, ambavyo kuta zake nyembamba hupitisha oksijeni kuingia damuni. Kwa kuwa kila pumzi huleta vumbi na vijidudu, vifuko hivyo vimewekewa walinzi. Hao ni seli za kinga ziitwazo makrofaji, yaani walaji wakubwa. Hutambaa juu ya kuta, humeza kila kigeni, kisha hukiyeyusha ndani yake.

Wengi hudhani kwamba mvutaji wa sigara amepungukiwa na walinzi hawa. Sivyo, anao wengi mara kadhaa kuliko asiyevuta. Hasara yake ni kwamba hawafanyi kazi ipasavyo. Moshi huleta chembe za masizi na lami, nazo makrofaji huzimeza lakini zikashindwa kuziyeyusha. Chini ya hadubini, seli za mvutaji huonekana zimejaa madoa ya kahawia. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na wenzao walieleza kwamba seli zilizoshiba uchafu wa namna hiyo huwa zito, na hujongea kwa shida kuviendea vijidudu vya kifua kikuu.

Hapo ndipo hatari ilipo kwa watu wa ufuo huu. Kijidudu cha kifua kikuu, alichokitangaza Robert Koch mwaka 1882, hakiogopi kumezwa. Hujificha ndani ya makrofaji na kuzaliana humo. Seli iliyoambukizwa ikifa, nyingine zinapaswa kufika upesi kuondoa mabaki yake. Zikichelewa, vijidudu hutoka nje na kuenea. Ndiyo maana hatari ya mvutaji kuugua kifua kikuu ni takribani maradufu ya ile ya asiyevuta. Katika kambi za uvuvi, ambamo watu wengi hulala kibanda kimoja, kikohozi cha mmoja ni jambo la wote.

Moshi huita pia nyutrofili, seli nyingine za kinga zenye vimeng'enya vikali. Zikikaa mapafuni siku zote, vimeng'enya hivyo hula nyuzi zinazovipa vifuko unyumbufu wake. Vifuko vikishapasuka na kuungana, havirudi tena. Mzee aliyezoea kupiga makasia huanza kuhema akipanda kutoka ufuoni.

Haki itendeke: sigara si moshi pekee. Akina mama wanaokausha samaki juu ya kuni huvuta moshi mwingi bila kuwasha sigara hata moja, na nchini Malawi watafiti wamekuta masizi ndani ya makrofaji za watu wanaopikia kuni. Anayevuta sigara kandokando ya tanuri la samaki huongeza mzigo juu ya mzigo. Nasi askari tusijitoe, maana sigara ya zamu ya usiku, ati ya kufukuza usingizi, tunaijua vizuri.

Makrofaji zilizochoka hufa kidogo kidogo, na kwa yule aliyeacha kuvuta nafasi yake huchukuliwa na nyingine nyepesi. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu, kuacha sigara hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi.

Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, aende kituo cha afya akapimwe makohozi. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Anayetarajia kuhamia Pweto au kambi nyingine kabla ya kumaliza dawa, au kuondoka uvuvi unapofungwa mwezi Desemba, awaambie wahudumu mapema wamwandikie barua ya uhamisho, na aibebe pamoja na kadi yake ya dawa. Kuugua kifua kikuu si kosa la jinai upande wowote wa ziwa.