Simu zinaninyang'anya wanafunzi

SWALI: Nafundisha akina mama wa vikoba hapa Mkolani kutunza hesabu za biashara. Dakika kumi tu, nusu yao wameinamia simu. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, mwezi Juni panda daladala uende Bujora, Kisesa, ukaone ngoma za Bulabo, tamasha la Wasukuma. Vikundi viwili vinavyoshindana, Wagika na Wagalu, hucheza uwanja mmoja, saa ileile, na ushindi ni wa aliyevuta watu wengi. Mtazamaji akichoka huhamia upande wa pili. Ndiyo maana wachezaji wengine huingia na chatu. Wewe huhitaji chatu (wangekimbia wote), ila ona kwamba manju, kiongozi wa ngoma, hamkaripii anayeondoka, hubadilisha wimbo.

Basi usianze na maana ya mtaji. Muulize muuza dagaa mmoja: jana ndoo ulinunua bei gani, bodaboda ulimlipa ngapi, zilizobaki ziko wapi? Wenzake wakisie faida kabla hujaandika chochote. Watabishana. Waache wabishane, kisha kila mmoja apige hesabu kwa simu hiyohiyo inayokusumbua. Halafu mwingine alete ya nyanya zake.