Daudi hakujenga, mdogo wangu

Wewe uliyehitimu ualimu, una namba yako ya TSC, tume ya walimu, na bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni kwa kubebwa ofisi hadi ofisi, sogea karibu. Na wewe kijana wa Nyansiongo uliyejitokeza siku ya kuandikisha wanajeshi, ukakimbia ukawaacha wengi, kisha ukaambiwa ufungue mdomo, wakakagua meno, ukaoneshwa lango, nawe sogea. Leo ni maneno ya dada kwa wadogo zake, na sitaremba.

Kwanza, usimsikilize anayesema umekosa kazi kwa sababu imani yako ni haba. Walimu waliohitimu ni wengi kuliko nafasi ambazo serikali imetenga pesa kuzilipia. Hilo ni jambo la bajeti ya Nairobi; kufunga kwako na kukesha kwako hakukuwa na kasoro yoyote. Mhubiri anayekuahidi kwamba mwezi huu ndio wako, muulize kwa heshima anamwambia nini yule aliyeahidiwa mwezi huo huo mwaka jana.

Maandiko yenyewe hayatudanganyi hivyo. Daudi alitamani sana kumjengea Mungu hekalu. Nabii Nathani akamwambia endelea, nyoyo zikatulia, kisha Nathani akarudi na jibu jingine: siye wewe, ni mwanao. Hakuambiwa asubiri kidogo, wala hakuambiwa aombe zaidi. Aliambiwa hapana. Ninachompendea mzee huyu ni alichofanya baada ya hapo. Ukisoma Mambo ya Nyakati utamkuta anakusanya dhahabu, chuma, mawe na mierezi, anamkabidhi Sulemani ramani ya jengo ambalo yeye hatalikanyaga. Na mpaka leo watu wanaliita hekalu la Sulemani.

Sisi Wagusii tunaye mtu wa aina hiyo, ingawa vijana wengi hamumjui. Nyandika Maiyoro alikuwa mkimbiaji wetu wa kwanza kuvuma nje ya nchi. Mwaka 1953, huko Antananarivo, mbio zilianza yeye hajafika mstarini; alipoingia wenzake walikuwa wametangulia mbali, akawafuata na akashinda. Hadithi hiyo inapendwa sana mimbarini, na haki yake. Lakini hapo huwa wanaishia, na mimi ningependa waendelee. Mwaka 1956 Kenya ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Melbourne, Maiyoro alikimbia mita 5,000 akawa wa saba. Miaka minne baadaye, Roma, akawa wa sita. Basi. Hakuna medali ya Olimpiki aliyowahi kuivaa mpaka alipofariki mwaka 2019.

Kisha akaja Naftali Temu, Mgusii mwenzake. Temu naye Tokyo 1964 ilimtoa jasho bure, marathoni alikuwa wa 49. Lakini tarehe 13 Oktoba 1968, Mexico, alimpita Mamo Wolde wa Ethiopia katika mita za mwisho za mita 10,000, tofauti haikufika sekunde nzima, na Kenya ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Wakati Temu anajifunga viatu, tayari dunia ilishaona Mgusii akimaliza wa sita kati ya wakimbiaji bora kabisa. Maiyoro ndiye aliyewaonesha.

Najua mtu atanitajia Shabana, klabu yetu ya soka. Ni kweli, walishuka daraja 2006, wakarudi ligi kuu 2023, na wale mashabiki waliowafuata miaka yote hiyo kwenye viwanja vya vumbi walistahili kila wimbo walioimba Uwanja wa Gusii. Nami nilishangilia. Ila Shabana ni timu: wachezaji wanabadilishwa, jezi inabaki. Wewe una mwili mmoja na umri unaosonga, na tangazo la jeshi lina kikomo cha miaka. Usipange maisha yako kana kwamba lazima ligi itakurudisha.

Kwa hiyo lia kwanza. Sisemi kwa mzaha. Msiba wa kukosa kazi hauna matanga, hakuna anayekuja na sukari kukupa pole, ndiyo maana watu huubeba miaka. Mwambie Mungu ulivyokasirika, Yeye ameshasikia makali zaidi kutoka kwa Ayubu. Halafu kuna jambo moja nakusihi kama damu yangu: shamba la baba lisiuzwe ili kumpa mtu anayedai ana "mkono" ndani ya jeshi au tume. Barua bandia za kuitwa kazini zimewarudisha vijana kutoka lango la kambi ya mafunzo, na chai ya shamba lililouzwa, iliyokuwa inaleta bonasi kila mwaka, sasa inachumwa na mwingine.

Tangazo likitoka, tuma maombi, kisha urudi kwenye shughuli yako siku hiyo hiyo. Ile hesabu unayoijua, kuna mtoto wa jirani anaanguka nayo. Yale mazoezi ya alfajiri kwenye miinuko ya Manga, wapo vijana wa shule ambao hawana wa kuwapimia muda. Simu yako ina saa. Watoze kidogo wazazi wanaoweza, wasioweza waache waje.

Na Agosti usikwepe makambi ya kanisa kwa kuogopa mama mdogo na swali lake la "kazi je, bado?" Msalimie vizuri, mpokee sufuria, umwambie: "TSC bado, mama. Ila yule kijana wako wa sekondari mlete Jumatatu jioni, na aje na kitabu cha hesabu."