Kadi Ndogo, Mtambo Mkubwa: Somo juu ya Kubadilisha Kadi za Kuandaa Ishara katika Turbini

Utangulizi

Mtu aingiapo katika chumba cha uongozi cha kituo cha umeme huona safu za tarakimu: joto la moshi nyuzi 540, mwendo mizunguko 3000 kwa dakika, shinikizo la mafuta, mtetemo wa beringi. Mwendeshaji huzitazama tarakimu hizo kama tuitazamavyo saa ya ukutani, bila ya kuuliza zimetoka wapi. Lakini ndani ya kabati la chuma, nyuma ya ukuta, zimo kadi ndogo ambazo kazi yake ni kuipokea ishara dhaifu kutoka kwenye mtambo na kuigeuza iwe ishara ambayo chombo cha uongozi chaweza kuielewa. Katika makala haya tutaziita kadi za kuandaa ishara.

Turbini iliyotunzwa vema huishi miaka mingi. Kituo cha Kidatu nchini Tanzania kilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na kile cha Olkaria nchini Kenya mwaka 1981. Chuma cha turbini chaweza kudumu zaidi ya miaka arobaini, lakini elektroniki zinazoiongoza hazina umri huo. Kwa hiyo kila kituo hufikia siku ambapo kadi zimechakaa, kiwanda kilichozitengeneza hakitengenezi tena vipuri vyake, na mhandisi hana budi kutia kadi mpya katika mtambo wa zamani. Kazi hiyo huonekana kama kubadilisha balbu. Somo letu ni kueleza kwa nini sivyo ilivyo.

Kadi hufanya kazi gani?

Gavana ya mipira miwili ambayo James Watt aliifunga kwenye injini ya mvuke mwaka 1788 haikuhitaji kadi yoyote. Mipira ilitawanyika mwendo ulipozidi, na mkono uliounganishwa nayo ukapunguza mvuke. Kipimo na tendo vilikuwa kitu kimoja. Siku hizi tumevitenganisha: kihisi hupima, chombo kingine huamua, na vali hutenda. Baina ya kihisi na chombo kinachoamua ndipo ilipo kadi yetu.

Tuchukue mfano wa themokapo, kihisi cha joto kinachotegemea jambo lililogunduliwa na Seebeck mwaka 1821. Nyaya mbili za metali tofauti zikiungwa, na maungio hayo yakawa na joto tofauti na ncha zake za upande wa pili, volti ndogo hutokea. Kwa themokapo ya aina ya K volti hiyo ni kadiri ya milivolti 0.04 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ishara ndogo namna hii hupita karibu na mota na nyaya nene zenye maelfu ya volti. Kadi huifanyia kazi nne:

(a) kuikuza, mpaka ifikie kadiri ya volti kadha;
(b) kuichuja, ili kuondoa kelele za umeme zilizoingia njiani;
(c) kuitenganisha, ili tofauti ya volti baina ya ardhi ya mtambo na ardhi ya kabati isijiongeze kwenye kipimo;
(d) kuinyoosha na kuisahihisha, ili tarakimu itakayotoka iwe sawasawa na joto lenyewe.

Mara nyingi ishara iliyokwisha kuandaliwa husafirishwa kama mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Ikiwa kipimo ni cha nyuzi 0 hadi 600, basi nyuzi 540 ni asilimia 90 ya kipimo, na mkondo wake ni 4 + (0.9 × 16), yaani miliampea 18.4. Ukipitishwa katika ukinzani wa omu 250 hutoa volti 4.6. Msomaji atauliza kwa nini tuanze na 4, tusianze na 0. Jibu ni kwamba waya ukikatika mkondo huwa 0, na hapo hatutadhani kuwa mtambo umepoa, bali tutajua kwamba ishara haipo.

Uzee wa kadi

Kadi huzeeka kwa njia nyingi. Viungio hupata kutu, hasa pwani kwenye hewa ya chumvi. Katika vituo vya jotoardhi gesi ya haidrojeni salfaidi hula shaba na fedha zilizomo katika viungio. Lakini adui aliye mwepesi kukokotolewa ni joto, na mhanga wake mkuu ni kapasita ya elektrolaiti, ambayo maji yake ya ndani hukauka polepole.

Kanuni ya kukadiria ni hii: kila joto lipungukapo kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita huongezeka mara mbili. Tuseme kapasita imedhaminiwa saa 2000 katika nyuzi 105. Ikifanya kazi katika nyuzi 45, tumeshuka ngazi sita za nyuzi 10. Maisha yake yatakuwa 2000 × 64, yaani saa 128,000, au miaka 14.6 ya kazi ya mfululizo. Sasa tuseme kipoza hewa cha chumba kimeharibika na hakuna aliyekishughulikia, na joto ndani ya kabati limepanda hadi nyuzi 55. Maisha hupungua hadi saa 64,000, au miaka 7.3. Fedha iliyookolewa kwa kuacha kutengeneza kipoza hewa italipwa tena, pamoja na faida yake, dukani kwa wauza vipuri.

Jambo la kuogofya zaidi ni kwamba kadi haifi ghafula siku zote. Mara nyingi hupotoka kidogo kidogo. Kadi iliyokufa hutangaza kifo chake: kengele hulia, mtambo husimama. Kadi iliyopotoka huendelea kutoa tarakimu nzuri, tulivu, zisizo za kweli.

Kadi mpya yaweza kusema uongo

Baadhi yetu hudhani kwamba hatari hii huisha kadi mpya ikishafungwa. Mwandishi wa makala haya alipata kuitwa katika kituo kimoja chenye turbini ya gesi, ambako kadi za themokapo zilikuwa zimebadilishwa zote kwa siku mbili. Kadi mpya zilikuwa zimejaribiwa karakanani, na kila moja ilifaulu. Turbini ilipowashwa, megawati ziliongezeka kidogo kuliko zamani, na wote wakafurahi isipokuwa fundi mmoja mzee. Alimwendea mhandisi wa zamu, akamwambia, "Mwanangu, mtambo mkongwe haupati nguvu za bure. Tuuzime tutazame." Kwa bahati njema mhandisi yule alimsikiliza.

Kosa lilikuwa hili. Themokapo haipimi joto, bali hupima tofauti ya joto baina ya ncha iliyo ndani ya moshi na ncha iliyo kwenye kabati. Jedwali la aina ya K huonyesha milivolti 22.35 kwa nyuzi 540, endapo ncha ya kabati iko katika nyuzi 0. Lakini kabati lilikuwa katika nyuzi 30, ambazo ni sawa na milivolti 1.20. Ishara iliyofika kwenye kadi kwa hiyo ilikuwa 22.35 - 1.20 = 21.15. Kadi nzuri hupima joto la kabati kwa kihisi chake yenyewe na kuirudisha ile 1.20 iliyopungua. Kadi hizi nazo zilikuwa na uwezo huo, ila ulikuwa umefungwa.

Nani aliufunga? Fundi kijana wa karakana, kwa nia safi kabisa. Alitia milivolti 22.35 kutoka kwenye chombo cha majaribio kwa waya za shaba za kawaida, naye akatarajia kuona 540. Kadi, ikidhani kuwa imeunganishwa na themokapo, iliongeza 1.20 yake na kuonyesha 568. Kijana akaona kadi "imekosea", akafunga swichi ya masahihisho, na tarakimu ikawa 540 barabara. Jaribio likapita, na kipimo kikaharibika.

Kadi isiyosahihishwa ikipokea milivolti 21.15 huonyesha nyuzi 512 badala ya 540. Chombo cha uongozi, kilichoamriwa kuongeza gesi mpaka moshi ufikie 540, kiliongeza gesi mpaka moshi wa kweli ulipokuwa kadiri ya nyuzi 568. Joto kwenye mapanga ya mbele lilizidi hata zaidi. Mapanga ya turbini ya gesi hufanya kazi karibu na mpaka wa uwezo wa metali yake. Kila nyuzi zinazozidi hukata sehemu ya maisha yake. Zile megawati za nyongeza zilikuwa zikinunuliwa kwa mapanga.

Lipo funzo la pili hapa. Turbini ile ilikuwa na themokapo nyingi kuzunguka mkondo wa moshi, ili moja ikikosea nyingine zipinge. Ulinzi huo hufaa pale kosa linapokuwa la mmoja. Kadi zote zikiwa na kosa moja, zote hushuhudia uongo ule ule, na wingi wa mashahidi hausaidii kitu.

Mwendo na wakati

Kwa mwendo wa turbini jambo la kuangalia ni wakati. Turbini ya mizunguko 3000 kwa dakika, yenye gurudumu la meno 60 mbele ya kihisi cha sumaku, hutoa mapigo 3000 kwa sekunde. Mara nyingi ulinzi huwekwa uizime turbini mwendo ukifika asilimia 110, yaani mizunguko 3300.

Tuseme jenereta imekatika ghafula na gridi wakati inabeba mzigo wote, na kwamba turbini hiyo ni ya namna ambayo huongeza mwendo kwa asilimia 10 kila sekunde mvuke usipofungwa. Kadi ya zamani ilitoa habari baada ya milisekunde chache tu. Kadi mpya yenye kompyuta ndogo na chujio zito yaweza kuchelewa sekunde 0.3. Katika muda huo turbini huongeza asilimia 3 nyingine, yaani mizunguko 90, kabla amri ya kufunga haijatolewa, na vali nazo zina uchelewaji wao. Kwa hiyo tarakimu iliyotulia vizuri kwenye kioo si lazima iwe sifa. Pengine imetulia kwa sababu imechelewa.

Utaratibu wa kufuata

Kwanza, kabla ya kuondoa kadi yoyote ya zamani, andika tabia yake: aina ya kihisi, mipaka ya kipimo, mkondo inaoutoa (mitambo mingine ya zamani hutumia miliampea 10 hadi 50), kasi yake, utengano wake, na umeme inaoutumia. Michoro ya kiwanda isiaminiwe peke yake. Miaka thelathini ya matengenezo huacha mabadiliko mengi ambayo hayakuchorwa.

Pili, jua kadi husema nini waya wa kihisi unapokatika. Kadi nyingine hupandisha kipimo hadi juu kabisa, nyingine hukishusha. Kadi mpya lazima ielekee upande ule ule ambao mantiki ya mtambo inautarajia. La sivyo waya mmoja uliokatika utasomwa kama turbini iliyopoa.

Tatu, jaribu njia nzima, si kadi peke yake. Themokapo itiwe katika tanuri ya majaribio ikiwa na waya wake halisi, na tarakimu isomwe pale pale inaposomwa na mwendeshaji.

Nne, badilisha njia moja kwa wakati mmoja. Pale penye vihisi vitatu vya kipimo kimoja, kadi mpya ifanye kazi kwa siku kadha pamoja na mbili za zamani, na tofauti zao ziandikwe daftarini.

Tano, ugavi wa umeme wa kadi ushughulikiwe kwa uangalifu ule ule. Tarehe 25 Mei 2021, katika kituo cha Callide C jimboni Queensland, Australia, chaja mpya ya betri ilikuwa ikiingizwa kazini mahali pa ile ya zamani. Wakati wa kubadili njia za umeme chaja hiyo haikuweza kushikilia volti. Umeme wa mkondo mnyoofu ulioviendesha vyombo vya ulinzi ukaporomoka. Jenereta haikutengwa na gridi, nayo ikaendelea kuizungusha turbini kwa zaidi ya nusu saa bila mafuta ya kulainisha, mpaka mtambo ukavunjika. Hakuna aliyekufa, lakini mamia ya maelfu ya wateja walikosa umeme siku hiyo. Kifaa kilichobadilishwa hakikuwa turbini wala jenereta, kilikuwa chaja.

Hitimisho

Kadi ya kuandaa ishara ni mkalimani baina ya mtambo na mwongozaji wake. Mkalimani mpya hahukumiwi kwa ufasaha wake, bali kwa uaminifu wake kwa yule anayemsemea. Fundi atakayekumbuka kuuliza "je, tarakimu hii ni kweli?" hata pale inapompendeza, huyo ndiye ambaye mtambo wetu unamhitaji.

Maswali ya kujipima

1. Shinikizo la mafuta la baa 0 hadi 10 huletwa kwa miliampea 4 hadi 20. Miliampea 8 ni baa ngapi? Miliampea 0 inamaanisha nini?
2. Kapasita ya saa 2000 katika nyuzi 105 itadumu muda gani katika nyuzi 65?
3. Gurudumu lina meno 60, lakini fundi ameiambia kadi kuwa yako 64. Turbini ikifika mizunguko 3300, kadi itaonyesha ngapi, na je, ulinzi utaizima?

Majibu: (1) Baa 2.5, njia ya ishara imekatika. (2) Saa 32,000, kadiri ya miaka 3.7. (3) Kadiri ya 3094. Haitazimwa mpaka ifike mizunguko 3520.