SOMO LA UFUNDI: PIKIPIKI INAPOGOMA



Mwenzetu anayekaa Gisimenti na kuingia zamu ya alfajiri viwandani Masoro hawezi kungoja hadi fundi afungue kibanda. Akichelewa, anakatwa. Na akimwendea fundi bila kujua lolote, huenda akauziwa vipuri asivyovihitaji. Tena tangu Januari 2025 pikipiki mpya za teksi zinazosajiliwa Kigali ni za umeme tu, kwa hiyo mwenye ya petroli budi aitunze.

Injini hutaka petroli, hewa, cheche na mgandamizo. Tuanze na yasiyo na gharama. Swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani iko sawa? Msicheke, watoto huichezea. Koki ya tangi imefunguliwa?

Ikiwa bado, fungua plagi, ile ambayo mafundi wengi wa Kigali huiita buji. Plagi husema ukweli kuliko mafundi wengine. Umepiga kiki mara kumi nayo ni kavu? Petroli haifiki: tazama koki, mpira wa petroli na kabureta. Imelowa petroli? Basi petroli inafika, ila cheche haipo au mafuta yamezidi. Ikaushe, ngoja kidogo, ujaribu tena. Ikiwa nyeusi kwa masizi, chujio la hewa limeziba au choki imesahauliwa. Rangi ya kahawia ni afya.

Kupima cheche, tumia plagi ya akiba. Ile ya kwanza irudishe mahali pake ili mvuke wa petroli usitoke ukashika moto. Valisha kofia ya waya kwenye plagi ya akiba, ilaze chuma chake kiguse injini, mbali na kabureta, kisha piga kiki. Usiishike kwa mkono mtupu, na mwenye sigara akae mbali. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzima. Ya manjano na hafifu ni dhaifu. Isipoonekana kabisa, kagua kofia na waya wake kabla ya kununua koili, hasa baada ya mvua.

Kuna ugonjwa mwingine unaowala watu fedha. Ndugu mmoja wa tawi letu pikipiki yake ilikuwa ikiwaka vizuri, ikienda kilomita mbili tatu, inazima. Akipumzika, inawaka tena. Alinunua plagi, akanunua koili, akakosa kazi siku mbili bila malipo. Siku ya tatu ilipozima tulifungua kifuniko cha tangi, tukasikia hewa ikivutwa ndani: fyuu! Tundu dogo la kupitishia hewa kwenye kifuniko lilikuwa limezibwa na vumbi. Hewa isipoingia tangini, petroli haishuki.

Tulilizibua kwa sindano, na jioni ile ile akaenda zamu.