Padi ya Laptopu Ikigoma, Kosa la Nani?

Wanachuo wenzangu, tuanze na swali. Jana ulikuwa unagonga kidole kwenye padi ya laptopu, faili linafunguka. Leo umeweka toleo jipya la mfumo, unagonga weee, kimya. Kosa ni lako, la padi, au la aliyebadilisha?

Kwanza tujue draiva ni nini. Ni programu inayokaa kati ya kifaa na mfumo wa kompyuta, kama mkalimani. Mkalimani akibadili namna ya kutafsiri, mazungumzo yanaweza kuharibika ingawa wazungumzaji ni wale wale.

Padi za Synaptics zina njia mbili za kuongea. Ya kwanza, padi inajifanya mausi ya kawaida: inasema imesogea kiasi gani, na ukiigonga, yenyewe inatuma taarifa ya kubofya. Ya pili, inataja mahali hasa kidole kilipo na kimekandamiza kiasi gani. Kuamua kama hapo umegonga au umesogeza inaachiwa programu.

Linux 2.6.0 ilitoka Desemba 2003. Draiva yake ya mausi ilizitambua padi hizo na kuzihamishia njia ya pili. Aliyekuwa na programu ya ziada ya kutafsiri alifaidi, kwani aliweza hata kupandisha na kushusha ukurasa kwa kupitisha kidole pembeni mwa padi. Asiyekuwa nayo, kugonga kukapotea.

Hapo ndipo penye ubishi. Upande mmoja unasema: njia mpya ina uwezo zaidi, programu ya ziada ipo, na anayetaka ya zamani anaweza kuirudisha kwa kuongeza agizo wakati wa kuwasha kompyuta. Upande wa pili unajibu: sawa, lakini mtumiaji hakuomba mabadiliko. Na hilo agizo atalijuaje?

Mimi nasimama na upande wa pili. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, amesisitiza sana kanuni hii: badiliko likivunja kilichokuwa kinamfanyia mtu kazi, kosa ni la badiliko, si la mtumiaji. Na kweli, baadaye Linux yenyewe iliongezewa uwezo wa kutambua kugonga bila programu ya ziada. Kumbe iliwezekana kwenda mbele bila kumwacha mtu.

Sisi wa ualimu tulichukue hili. Mtaala mpya unaweza kuwa mzuri kuliko wa zamani, lakini ukidai projekta kwenye shule isiyo na umeme, usimlaumu mwalimu kwamba hataki mabadiliko. Asiyekuwepo na lake halipo, ndiyo maana anayepanga lazima amuulizie asiyekuwepo kikaoni.

Maswali ya kujadili:
1. Nani anatumia kitu hiki leo, na anakitumiaje?
2. Badiliko likimkwamisha, atarudije alikokuwa?
3. Nani atamwambia, na kwa lugha gani?